Tanga Lililonyooshwa Tabora

Vijana wa karakana wameniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Sijasahau kitu; ningekuwa nasahau, ningekuwa na afya njema zaidi. Siku niliyokabidhi sindano zangu, mmoja wao aliniuliza, "Bibi Zuhura, katika miaka yako yote, kazi gani ilikukera kuliko zote?" Nikamjibu: tanga. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tabora na tanga la chombo wapi na wapi? Walidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Basi nawaandikia hiyo ya tanga, lakini hamtaielewa bila kwanza kumjua Mzee Mrisho.

Niliingia karakana ya ushirika, ile iliyokuwa Mtendeni hapa Tabora, miaka michache baada ya Uhuru. Nilijua kushona magauni na kaptura za shule, nikadhani nitapewa cherehani. Nilipewa donge la nta na furushi la uzi wa katani, nikaambiwa niupitishe uzi kwenye nta mpaka nitakapoambiwa basi. Hakuna aliyesema basi. Jioni mikono yangu ilinuka mzinga wa nyuki na kidole cha shahada kilikuwa kimechanika. Mzee Mrisho, fundi mkuu, alikuja akauvuta uzi karibu na sikio lake kusikia unavyolia, akasema, "Kesho tena." Nilikwenda nyumbani nikalia kwa hasira. Kesho yake nikarudi.

Kazi yetu ilikuwa maturubai. Maturubai ya kufunikia tumbaku, ya malori, ya pamba kutoka Nzega, na mahema ya watu wa barabara. Mzee Mrisho alizaliwa katika kazi hiyo. Babu yake alishona mahema ya misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji, na mzee alimtaja babu huyo kama vile ametoka kidogo kwenda dukani. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: mkasi ni wa mwisho. Kitambaa kilikuwa adimu, kwa hiyo kilichozidi kinakunjwa ndani ya mshono, hakikatwi. Ya pili: turubai lazima linyooke. Kila tulilomaliza lilifungwa kwenye nguzo za uani, likainamishwa kidogo, kisha mzee mwenyewe akapanda kwenye kigoda na kumwaga kata ya maji juu yake. Maji yakiteremka bila kusita, umefaulu. Yakituama hata kidogo, anasema neno moja tu, "Tumbo," na unafumua kuanzia mwanzo.

Msidhani ulikuwa ukorofi mtupu. Niliwahi kuona shehena ya tumbaku iliyofunikwa na turubai la mafundi wengine, siwataji. Maji yalikaa kwenye tumbo la turubai lile, yakapenya polepole, na jasho la mwaka mzima la wakulima wa Urambo likaoza na kunuka. Mkulima mmoja alikaa chini kwenye changarawe ya stesheni, akashika majani yake meusi. Tangu siku hiyo kata ya mzee haikunikera tena, au ilinikera kidogo tu. Katika karakana yetu neno tumbo likawa tusi. Ukitaka kumchokoza mwenzako, unapita nyuma ya kazi yake na kujipapasa kitambi.

Hamimu alikuja wakati wa Ujamaa, wakati watu wanahamishiwa vijijini. Alikuwa nahodha wa chombo cha kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji, mahali ambapo gari halifiki. Aliingia na kofia mkononi, akamwamkia Mzee Mrisho shikamoo, akasubiri marahaba, ndipo akaeleza shida yake. Chombo chao kilikuwa na mashine, mashine ikafa, kipuri kikaagizwa, na kipuri kikawa kinakuja kama mvua ya kiangazi. Afisa wa wilaya alikuwa amewaambia wazi: kijiji kisichofikika hakiwezi kupelekewa bidhaa wala dawa, kwa hiyo kitahamishiwa juu kwenye barabara, mbali na maji. Walipomlilia, akalegeza. Alisema kama kabla ya mvua chombo chao kitaweza kufika Ujiji na kurudi nyumbani chenyewe, bila kuomba msaada wa mtu, atawaacha walipo.

"Kwa hiyo tunataka tanga," Hamimu alisema. "Jipya halipatikani, na lingepatikana tusingeliweza. Tunataka kuukuu, lakini zima. Tulishanunua moja pale Ujiji, lilichanika siku ya kwanza. Watu wetu wanasema safari hii twende na mtu anayejua kitambaa, na asiwe na shemeji pale ufukweni."

"Sisi hatushoni matanga," Mzee Mrisho alisema.

"Najua, mzee. Sihitaji wa kushona. Nahitaji wa kutazama."

Nikatumwa mimi, kwa sababu nilikuwa na mkono wa kutambua kitambaa kilichochoka. Naandika jinsi nilivyolitafuta tanga lile, maana siku hizi naona mnanunua turubai kuukuu kwa kulitazama tu kama picha ukutani. Kuukuu halinunuliwi kwa macho ya mbele. Liinue dhidi ya jua utazame kwa nyuma. Pale nyuzi zilipokwisha utaona nyota. Kwaruza uzi wa mshono kwa ukucha. Ukitoka unga, mshono umekufa hata kama kitambaa ni kizima. Nusa mikunjo. Vuta kwa mshazari, si kwa urefu, maana kwa urefu hata kitambaa kilichooza hujikaza kwa aibu. Na ukiona kiraka kipya juu ya kitambaa cha zamani, kimbia, kwa sababu kiraka kikakamavu ndicho kinachomrarua jirani yake.

Ufukweni Ujiji walituletea takataka za kila aina. Mmoja alikuwa amelichovya tanga lake kwenye maji ya magome ili wekundu ufiche ukungu, akaapa kwa marehemu babaye kwamba hiyo ndiyo rangi yake ya kuzaliwa. Nililikunja kidogo, likavunjika kama chapati ya jana. Mwingine alitaka tununue nusu ya tanga. Nusu! Nikamuuliza nusu nyingine iko wapi, akasema iko kwa mdogo wake, lakini hawasemezani. Hamimu alicheka. Mimi sikucheka, jua lilikuwa kali na miguu ilikuwa imevimba.

Tulilipata kwa mjane mmoja, Bi Tatu, aliyekuwa anaishi karibu na ufuko. Mumewe alikuwa na jahazi dogo lililobeba chumvi na dagaa. Jahazi lilishakuwa kuni, lakini tanga alilikunja mwenyewe, akalifunga kwenye mkeka, na kila kiangazi alilitoa nje kulianika. Nililichunguza kipande kwa kipande nikitafuta kasoro, kwa sababu hiyo ndiyo kazi, na nikapata pembe mbili zilizolika na mshono mmoja uliochoka. Lililobaki lilikuwa zima. Bi Tatu akasema hatatuuzia mpaka atuone tumelipandisha, asije akalitoa kwa watu wasiojua kulishika. Hamimu alilipandisha kwenye chombo chake. Upepo ukaingia, tanga likajaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kitambaa chenye tumbo nikakipenda. Mjane alisema, "Haya, chukueni," akaingia ndani haraka ili tusimwone uso.

Sasa Ujiji hapakuwa na uzi wa maana, wala kitambaa cha kutilia nguvu zile pembe. Nikaamua kulirudisha Tabora. Yaliyotupata stesheni sitaki hata kuyakumbuka: karani wa mizigo alitaka kujua kama ni hema au turubai, nikasema ni tanga, akasema tanga hana kwenye fomu yake, nichague kimoja. Nikachagua hema.

Nililikabidhi kwa Mzee Mrisho kwa maneno machache na ya wazi. Pembe mbili zitiwe nguvu. Mshono mmoja urudiwe. Mengine yaachwe. Nilipanga kufanya mwenyewe, lakini siku iliyofuata nikatumwa Nzega, ambako maturubai ya pamba yalikuwa yametafunwa na panya.

Niliporudi, tanga lilikuwa uani, limefungwa kwenye zile nguzo. Lilikuwa limenyooka kama meza ya ofisini. Mafundi wote walikuwa wamelizunguka, na Mzee Mrisho alikuwa ameshika kata mkononi, anang'aa uso mzima.

"Tazama," aliniambia. Akamwaga maji. Yalikimbia juu ya kitambaa yakaanguka upande wa pili bila kuacha hata tone.

Nikashika ukingo wa tanga. "Baba, lilikuwa na tumbo."

"Ndiyo. Nimelitoa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Aliwatazama wenzake kama vile nimemuuliza kwa nini tunakula. "Tumbo, Zuhura!"

Alikuwa amefumua kila mshono. Mume wa Bi Tatu alikuwa amebana vitambaa zaidi kwenye ncha za kila mshono na kuviachia katikati, ndivyo tanga linavyopata mfuko wa kushikia upepo. Mzee Mrisho aliona ni uzembe wa mtu wa pwani ya ziwa. Akakunja ziada yote ndani ya mishono, akaishona upya kwa mkono, mishono midogo iliyolingana kama punje za mtama. Hakudai hata asante. Aliifanya baada ya saa za kazi, kwa huruma, kwa sababu alisikia kijiji cha watu kinahamishwa. Nitamgombezaje mtu kama huyo? Nilimgombeza hata hivyo. Nilimwambia nililiona limejaa upepo kwa macho yangu. Akaniambia jicho la mnunuzi si jicho la fundi. Mafundi wenzangu wakasema mimi nimekaa Ujiji siku chache tu, tayari nimekuwa nahodha. Kitu kinachokera kuliko kubishana na mjinga ni kubishana na fundi bora uliyewahi kumjua, siku aliyokosea.

Hamimu alikuwa anasubiri Ujiji, na mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya. Tukapanda treni, na Mzee Mrisho akaja pia, amevaa kanzu safi, kuona kazi yake ikipanda juu ya mlingoti. Njia nzima alinieleza habari za babu yake. Nilitazama dirishani.

Tukalijaribu Ujiji. Upepo wa kiangazi huko unatoka kusini. Hamimu alitazama tanga, akanitazama mimi, kisha kwa heshima ya mzee akafungua kamba. Alielekea kaskazini kwanza, upepo mgongoni, na chombo kikaenda vizuri tu, maana upepo ukiwa nyuma hata shuka linakusukuma. Mzee Mrisho alikaa mbele amekunja mikono, ameridhika kabisa. Kisha Hamimu akageuza. Kurudi ilikuwa lazima kuukata upepo kwa mshazari, huku na huku, ndivyo chombo kinavyopanda dhidi ya upepo. Hakikupanda. Tanga lilipigapiga, likalala, likapigapiga tena, na chombo kikatembea ubavu kama kaa. Kila alipojaribu tulizidi kusogea mbali na Ujiji. Mwishowe tukapiga makasia, sote, mpaka mzee na kanzu yake.

Tulipofika Hamimu alikuwa amelowa jasho, na adabu ilikuwa imemwisha. "Mzee, samahani sana. Hili ni pazia."

"Pazia?" Mzee Mrisho alisimama. "Nimeshona tangu kabla mama yako hajaolewa. Tafuta dosari moja kwenye mshono ule. Moja!"

"Mshono hauna dosari. Kijiji changu kiko kusini, mzee. Kuja mjini nitakuja. Nyumbani nitarudije?"

Mimi nilikuwa katikati yao, nimeshika kamba iliyolowa, na nilitamani wote wawili waanguke majini. Kila mmoja alikuwa anasema kweli, na kweli zao hazikunisaidia kitu. Nikawaacha wanagombana, nikamfuata Bi Tatu.

Alikuja akiwa bado na unga mikononi. Alilitandaza tanga mchangani, akapitisha kiganja kwenye mishono, na uso ukabadilika. "Nani amelifanyia hivi tanga la mume wangu?"

Mzee Mrisho akasogea mbele. Akasema, "Mimi, mama."

Nilidhani atamtukana. Alimtazama kwa muda, akaona mikono yake, yale makovu ya sindano ambayo sisi sote tunayo, akapunguza sauti. "Umeshona vizuri, baba. Lakini umeshona paa. Paa linafukuza maji. Hili linatakiwa kuukaribisha upepo, na mgeni asipopata pa kukaa, anapita." Akapiga magoti, akageuza kitambaa. "Tazama. Matundu ya sindano ya mume wangu bado yapo. Hukukata kitu?"

"Sikati," mzee alisema.

"Basi fuata matundu."

Nikatoa kisu changu cha kufumulia nianze. Mzee Mrisho akakichukua mkononi mwangu. Alikaa pale mchangani na kanzu yake iliyolowa, akaanza kufumua mishono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kuukata uzi pasipo lazima. Nilikaa upande wa pili nikimfuata na uzi mpya. Tulipofika katikati ya tanga, mzee aliinua mshono mmoja.

"Zuhura. Mshono huu ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri sana, baba."

"Basi," akasema, akaendelea kufumua.

Tuliposhona mshono wa mwisho Hamimu alilipandisha, likajaa. Akauelekea upepo wa kusini, akaukata huku, akaukata kule, na chombo kikapanda mpaka kikawa kidogo machoni. Mzee Mrisho alisimama ufukweni akikitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa jambo la ajabu ambalo hakulipenda. Mimi nililia, naandika bila aibu. Kabla ya mvua, Hamimu alimchukua afisa mwenyewe, akampeleka kijijini na kumrudisha Ujiji. Alituletea salamu kwa mtu wa treni: afisa ametapika kwenda na kurudi, lakini ametimiza neno lake, kijiji kinabaki. Mzee Mrisho alitununulia wote kahawa. Hakuwa mtu wa kununua kahawa.

Ningependa kuishia hapo. Kitabu kizuri kingeishia hapo.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa kimekwisha, Hamimu aliingia tena karakana. Kofia ilikuwa mkononi kama mara ya kwanza, lakini alikuwa amekonda. Alimwamkia mzee, akaketi, akaomba maji. Yule afisa alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, akaja mpya. Mpya hakuwa na habari ya ahadi yoyote. Walimweleza kuhusu chombo, walimweleza kuhusu tanga, wakamwomba apande aone. Akasema yeye hakuja kupanda matanga, amekuja kutekeleza agizo. Kijiji kilikuwa tayari juu, barabarani, kwenye udongo mwekundu, na ziwa halionekani.

Nilikasirika mpaka nikarusha shazia langu ukutani, ile sindano kubwa niliyowakabidhi bila ncha; huko ndiko ilikokatika. Nilimtukana afisa wa kwanza kwa kuondoka na wa pili kwa kuja. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanipanda, na nimestaafu, na daktari amenikataza.

Mzee Mrisho alimsogezea Hamimu kikombe cha maji. Hatimaye aliuliza swali ambalo fundi lazima aulize, hata dunia ikiwaka moto.

"Na tanga, mwanangu? Lilivuta?"

Hamimu alikunywa maji yake mpaka yakaisha. "Lilivuta, mzee. Lori halifiki kwetu, kwa hiyo ilibidi tuhamishe kila kitu kwa chombo mpaka mahali malori yalipotusubiri. Milango, vinu, mbuzi, wazee. Tukishusha, tunarudi kuchukua wengine, na upepo uko mbele, na lenyewe linapanda tu. Safari ya mwisho nilimbeba mama yangu. Alikuwa amekaa juu ya mlango wa nyumba yetu, anatazama nyuma."

Aliizungusha kofia mikononi.

"Siku ile nilimwomba Mungu lichanike. Njia nzima nilikuwa natazama juu, namwomba lichanike. Halikuchanika, mzee. Mlishona vizuri mno."